Kuomba hati ya kusimamia mirathi Mombasa: isome barua ya chifu kabla hujatoka ofisini

Baba alituachia nyumba ya vyumba sita Likoni, zile nyumba bila ardhi tunazozijua sisi wa Mombasa, jengo lako kwenye kiwanja cha mwingine, na akaunti moja ya benki. Wasia hakuandika, kwa hiyo ilibidi niombe mahakamani hati ya kusimamia mirathi, yaani idhini ya kushughulikia mali yake. Nilidhani miezi minane itatosha. Nikamaliza mwaka na nusu.

Cheti cha kifo hakina hadithi. Hadithi iko kwenye barua ya chifu, inayotaja warithi: mjane, au wajane, na watoto wote. Wote maana yake wote. Dada aliyeolewa ni mrithi sawa na kaka mkubwa, hata ami wakinuna. Yangu iliandikwa na karani huku akipokea simu. Akakosea herufi moja ya jina la baba na kumruka dada yetu wa Malindi. Mimi nami, roho iko kwenye feri, nikaikunja bila kuisoma. Jina likatoka hivyo hivyo kwenye tangazo la maombi yangu katika Gazeti Rasmi la Serikali. Nikalipia kiapo cha majina kwa wakili, cha kusema majina yote mawili ni ya mtu mmoja, tangazo likarudiwa, na zile siku 30 za kungojea pingamizi zikaanza upya. Karani aliniambia, "Pole, ni mambo madogo."

Faili inafunguliwa mtandaoni, mfumo ukiwa macho: fomu ya maombi, P&A 80 (P&A ni alama ya fomu za mirathi), kiapo cha P&A 5, na ridhaa ya warithi wenzako, P&A 38. Hiyo ya mwisho isainishe matanga yakiwa hayajaisha, wakishatawanyika utawasaka. Kukiwa na mtoto chini ya miaka 18, wasimamizi wasipungue wawili wala kuzidi wanne. Waislamu wana njia yao kwa Kadhi.

Nyumba bila ardhi haina hatimiliki, kwa hiyo andika wazi kwamba mali ni jengo, si kiwanja. Sisi tulipeleka mkataba wa mauziano na risiti za kodi ya kiwanja, zilizokuwa chini ya godoro la marehemu.

Ukipata hati usianze kugawa. Kwa kawaida unangoja miezi 6, kisha unaomba mahakama iithibitishe. Na anayegusa mali ya marehemu bila idhini anaweza kutozwa faini hadi shilingi 10,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili; msomee binamu anayekusanya kodi za wapangaji.

Siku ya uthibitisho chukua nakala tatu au nne zenye muhuri wa mahakama kwa mpigo. Benki ilibaki na yangu ya pekee, nikapanda feri tena.