Gunia Likiondoka Shambani, Elementi Nazo Zimeondoka

Gunia la mahindi makavu la kilo 100 linapopakiwa kwenye lori, ndani yake kuna takribani kilo moja na nusu ya naitrojeni, gramu 300 hivi za fosforasi na kiasi kinachokaribiana na hicho cha potasiamu. Ukiuza magunia kumi, umeuza kilo 15 za naitrojeni. Kuzirudisha kwa urea peke yake kunahitaji karibu kilo 33 za mbolea hiyo, na hapo hatujahesabu itakayopotea njiani. Wakulima wengi mavuno yakishuka husema ardhi imezoea mbolea. Ardhi haizoei mbolea. Inapungukiwa, na inapungukiwa vitu vyenye majina, vinavyoweza kupimwa.

Vitu hivyo ni elementi. Elementi ni kitu cha msingi ambacho moto, maji, tindikali wala kuoza haviwezi kukigeuza kuwa kitu kingine. Kila elementi ina atomi, yaani chembe ndogo kabisa, za aina yake, na atomi hutambuliwa kwa idadi ya protoni (vijichembe vyenye chaji chanya ya umeme) zilizo kwenye kiini chake: naitrojeni ina 7, fosforasi 15, potasiamu 19. Hakuna bakteria, mdudu wala tumbo la ng'ombe linaloweza kuigeuza 15 ikawa 19. Kwa hiyo samadi haitengenezi fosforasi mpya, inaihamisha tu. Ng'ombe aliyelishwa majani yaliyokatwa kwenye shamba lililopungukiwa fosforasi atatoa samadi yenye fosforasi kidogo. Anayekatia mifugo majani shamba la chini na kupeleka samadi yote kwenye migomba iliyo karibu na nyumba anautajirisha udongo wa nyumbani kwa kuufukarisha wa chini.

Mwaka 1869 mkemia wa Urusi, Dmitri Mendeleev, alizipanga elementi zilizojulikana wakati wake kwa kufuata uzito wa atomi, akaona tabia zinajirudia kwa zamu, na zenye tabia za kufanana akaziweka kundi moja. Mpangilio huo ndio jedwali la elementi, na leo lina elementi 118. Mmea unahitaji 17 tu. Tatu kati ya hizo, yaani kaboni, oksijeni na haidrojeni, hutoka hewani na majini, nazo ndizo zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa mmea mkavu. Zilizobaki 14 mizizi huzitafuta udongoni, na hizo ndizo shughuli yetu.

Jedwali lina faida hata kwa mtu wa jembe. Magnesiamu na kalsiamu zimekaa safu moja, na juu ya mizizi hugombea nafasi. Potasiamu nayo huingia kwenye ugomvi huo: ukimwaga mbolea ya potasiamu kupita kiasi, mmea unaweza kuonyesha njaa ya magnesiamu ingawa udongo unayo. Sodiamu iko safu moja na potasiamu, zinafanana sana kitabia, lakini mahindi hayawezi kuishi kwa sodiamu badala ya potasiamu, na udongo uliojaa magadi, yaani chumvi za sodiamu, huvunjika muundo wake na kushindwa kupitisha maji.

Nataka tukae kidogo kwenye moto, kwa sababu hapa ndipo mali nyingi inapotea tukiiangalia. Ukichoma mabua baada ya kuvuna, atomi hazifi. Zinahama. Kaboni inaondoka kama hewa ya kaboni dayoksaidi, sehemu kubwa ya naitrojeni inaondoka na moshi, na salfa nyingi inaifuata. Potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na sehemu kubwa ya fosforasi hubaki kwenye majivu. Ndiyo maana mwaka wa kwanza baada ya kuchoma mimea huonekana imechangamka, na mkulima huamini moto umerutubisha shamba. Majivu yametoa potasiamu kwa mkupuo mmoja na kupunguza kidogo uchachu (asidi) wa udongo, lakini mvua kubwa ya kwanza au upepo vinaweza kuyabeba hadi bondeni, na naitrojeni iliyokwenda na moshi hairudi. Kwa mahindi, potasiamu nyingi iko kwenye mabua, si kwenye punje. Anayeacha mabua yaoze shambani ameibakiza bila kulipa senti. Anayeyauza yote au kuyalisha ng'ombe wa jirani bila kurudishiwa samadi anapaswa kujua kwamba ameuza potasiamu. Kwa ndizi jambo hili ni zito zaidi: kila mkungu unaotoka Bukoba au Rungwe kwenda Dar es Salaam umebeba potasiamu nyingi, na hakuna lori linalorudisha maganda. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la shamba huandikwa kwa elementi.

Sasa tushike mfuko wa mbolea. Namba tatu zilizochapwa hufuata mpangilio usiobadilika: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kwa alama N, P na K. Angalia kwamba P ni fosforasi na K ndiyo potasiamu, maana wengi huzichanganya. Urea huandikwa 46-0-0, na unaweza kuihakiki 46 hiyo mwenyewe kwa jedwali la elementi. Molekuli moja ya urea ina kaboni moja yenye uzito 12, oksijeni moja yenye 16, naitrojeni mbili zenye 28 na haidrojeni nne zenye 4. Jumla ni 60. Gawanya 28 kwa 60, unapata asilimia 46 na ushee. Basi urea haiwezi kuwa na asilimia 50 ya naitrojeni hata muuzaji aape.

Kutokana na hapo hesabu ya fedha inakuwa rahisi. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Mfuko wa CAN (naitreti ya amonia yenye kalsiamu) yenye asilimia 26 una kilo 13. Mfuko wa SA (salfeti ya amonia), wenye asilimia 21, una kilo kumi na nusu, pamoja na kilo 12 hivi za salfa. Gawanya bei ya kila mfuko kwa kilo hizo, ndipo ujue unanunua naitrojeni kwa bei gani. Mara nyingi mfuko unaoonekana wa bei nafuu ndio wenye naitrojeni ghali. Sisemi urea ishinde kila mara: palipo na upungufu wa salfa SA ina kazi yake, ila SA huongeza uchachu wa udongo kuliko hizo nyingine mbili.

Kuna mtego mmoja kwenye namba hizo unaowagharimu hata wasomi. Namba ya kwanza ni naitrojeni yenyewe, lakini ya pili na ya tatu si fosforasi na potasiamu tupu. Ni desturi ya zamani ya wakemia kuzihesabu zikiwa zimeungana na oksijeni. DAP (fosfeti ya amonia), 18-46-0, haina asilimia 46 ya fosforasi. Katika muungano huo fosforasi mbili zina uzito wa 62, oksijeni tano zina 80, jumla 142, kwa hiyo fosforasi yenyewe ni asilimia 44 tu ya namba iliyoandikwa. Zidisha 46 kwa 0.44, unapata 20. Kwa potasiamu zidisha kwa 0.83. Tuseme umeshauriwa uweke kilo 20 za fosforasi kwa hekta. Ukiisoma 46 kama ilivyo utaweka kilo 43 za DAP, hata mfuko mmoja haujaisha, wakati unaohitajika ni kilo 100, yaani mifuko miwili. Kila unapopewa ushauri, uliza: ni fosforasi yenyewe au ni ile ya kwenye mfuko?

Baada ya kununua, kazi ni kuizuia naitrojeni isiondoke. Urea ikikutana na unyevu udongoni huvunjwa na kimeng'enya na kuwa amonia. Ikiwa imefukiwa, amonia hiyo hupokea haidrojeni, inapata chaji chanya na kunaswa na mfinyanzi, ambao una chaji hasi. Ikiwa imemwagwa juu ya ardhi yenye unyevu huku jua linawaka, hupanda hewani. Ifukie sentimeta tano hivi, kando ya shina, usiiweke juu ya majani. Baadaye bakteria huigeuza kuwa naitreti, yenye chaji hasi, ambayo mfinyanzi hauishiki, na mvua kubwa huishusha chini ya mizizi. Hii ndiyo sababu ya kugawa mbolea ya kukuzia mara mbili, hasa kwenye mchanga wa pwani, badala ya kuimaliza siku moja mahindi yakiwa magotini.

Na tafadhali usichanganye majivu au chokaa na urea, DAP, SA wala samadi mbichi. Majivu na chokaa ni alkali, na alkali huinyang'anya amonia ile haidrojeni iliyoipokea, nayo inatoroka. Harufu kali inayochoma pua ni naitrojeni uliyoilipia.

Mikunde ina njia yake. Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini atomi zake zimeshikana mbili mbili kwa vifungo vitatu, na mahindi hayawezi kuvifungua. Bakteria waishio kwenye vinundu vya mizizi ya kunde, maharage na soya wanaweza. Binadamu naye aliweza kwa kutumia joto na mgandamizo mkubwa: Fritz Haber alionyesha njia mwaka 1909, na kiwanda cha kwanza kikaanza Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Mbolea nyingi za naitrojeni tunazonunua zinatokana na njia hiyo. Ila maharage hayaleti fosforasi. Yanaihitaji sana ili vinundu vifanye kazi, kwa hiyo kupanda maharage bila mbolea yoyote kwenye udongo uliochoka mara nyingi hakurudishi kitu.

Nyanda za juu kama Njombe na Mbozi, na sehemu za Kagera, zina tatizo la uchachu. Uchachu ni wingi wa haidrojeni yenye chaji kwenye maji ya udongo, nao hupimwa kwa pH. Tofauti ya namba moja ni mara kumi: udongo wa pH 5 una uchachu mara kumi ya ule wa pH 6. Ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kuchoma ncha za mizizi, na fosforasi uliyoweka hufungwa na alumini na chuma. Unaweza kumwaga DAP kila msimu na mmea usiipate. Dawa ni chokaa ya kilimo. Kinachoondoa uchachu hapo ni kaboneti, yaani kaboni na oksijeni zilizoungana ndani ya chokaa, inayoipokea haidrojeni ikawa maji na kaboni dayoksaidi. Kalsiamu haifanyi kazi hiyo. Jasi, kama ile ya Makanya, ina kalsiamu tele lakini imeungana na salfa, na haipandishi pH. Atakayekuuzia jasi kwa jina la chokaa mkatalie. Kwa upande mwingine, fosfeti ya mwamba wa Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, huyeyuka vizuri zaidi penye uchachu, hivyo inafaa udongo huo na haifai penye magadi.

Majani pia hutoa taarifa. Naitrojeni, potasiamu na magnesiamu mmea unaweza kuzihamisha, kwa hiyo njaa yake huanza kwenye majani ya zamani: njano inayoingia katikati ya jani kutoka nchani ni naitrojeni, kingo zilizoungua ni potasiamu. Salfa na zinki hazihami kirahisi, na upungufu wake huonekana kwenye majani machanga. Rangi ya zambarau kwa miche huashiria fosforasi, ingawa baridi nayo huileta.

Jani lakini husema msimu ukiwa umeshaharibika. Pima udongo mapema, miezi mitatu kabla ya mvua, ili chokaa ikihitajika ipate muda wa kufanya kazi. Tembea shamba kwa mtindo wa zigizagi, chimba sehemu 15 hivi kwa kina cha sentimeta 20, ukikwepa palipolala ng'ombe, palipochomwa na kwenye vichuguu. Tumia ndoo ya plastiki, si ya bati, maana bati hupakwa zinki na itaharibu kipimo. Changanya, anika kivulini, toa nusu kilo na uandike jina la shamba. Maabara zipo TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano, Tanga, na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kwa Kenya, KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, Kabete. Majibu yakija, yapeleke kwa afisa ugani wako pamoja na hesabu ya magunia uliyouza msimu uliopita.