Jinsi ya kuseti redio ya gari ipandishe sauti yenyewe kelele za barabarani zinapoongezeka

Mfumo huu ukiwa umesetiwa vizuri hutauona ukifanya kazi. Utaondoka na kufika bila kugusa kitufe cha sauti. Ukisetiwa vibaya unakwaruza sauti na mwishowe unaunguza twita (spika ndogo ya sauti nyembamba). Watu wengi huishia kuchagua kiwango kwenye menyu ya redio, lakini penye kazi kubwa ni akiba ya nguvu unayoiacha kati ya redio na amplifaya (kikuza sauti). Ndiyo maana hatua ya 4 hapa chini ni ndefu kuliko nyingine.

Hatua ya 1: Jua mfumo wako unapima nini

Aina ya kwanza inasoma mwendo wa gari tu. Kwenye redio za Honda utaikuta kwa jina SVC, na kwenye Toyota nyingi ASL. Hii haisikii kitu. Ukifungua dirisha, mvua ikinyesha au ukiingia kwenye changarawe, yenyewe inaona kilomita 60 kwa saa, basi.

Aina ya pili ina maikrofoni ndani ya gari, kama AudioPilot ya Bose. Inachukua sauti yote iliyomo ndani, inaondoa muziki inaoujua kwa sababu imeucheza yenyewe, na kinachobaki inakihesabu kuwa kelele.

Kama hujui uliyonayo, simamisha gari, cheza muziki kwa sauti ya wastani, kisha pandisha feni ya AC mpaka mwisho. Sauti ikipanda taratibu bila kuguswa, kuna maikrofoni. Isipopanda, huenda mfumo ni wa mwendo au umezimwa kwenye menyu.

Hatua ya 2: Punguza kelele unazoweza kupunguza

Pima upepo wa matairi, kagua raba za milango na plastiki za ndani ya matao ya magurudumu. Usiiruke hatua hii. Kelele ya matairi huongezeka kwa takriban desibeli 9 hadi 12 kila mwendo unapokuwa maradufu, na ya upepo huongezeka zaidi ya hapo. Kuongeza desibeli 3 za muziki kunataka nguvu mara 2. Desibeli 10 zinataka mara 10. Spika inayokula vati 5 kwenye kilomita 50 kwa saa ingehitaji vati 50 kwenye kilomita 100 ili kufidia desibeli 10. Kila desibeli ya kelele unayoiondoa ni mzigo unaoitua amplifaya.

Hatua ya 3: Tafuta waya wa mwendo

Redio iliyokuja na gari imeshaunganishwa, kwa hiyo ruka hapa. Ukifunga redio nyingine yenye uwezo huu, mara nyingi utakuta nyuma yake waya wa waridi wa kupokea mapigo ya mwendo. Usiamini rangi peke yake. Soma karatasi ya redio na mchoro wa nyaya za gari lako.

Kwenye magari mengi ya zamani kidogo, mapigo hayo hupita nyuma ya spidomita au kwenye kompyuta ya injini. Ya Kijapani mengi hufuata kipimo cha JIS (viwango vya viwanda vya Japani): mizunguko 637 ya kebo ya spidomita kwa kilomita, mapigo 4 kwa mzunguko, yaani mapigo 2,548 kwa kilomita. Kwa kilomita 60 kwa saa hayo ni kama hezi 42.5, yaani mapigo 42.5 kwa sekunde.

Kuhakikisha umeshika waya sahihi, weka gari mahali tambarare, mtu mmoja akae kwenye breki. Washa swichi bila kuwasha injini, weka gia huru, shusha breki ya mkono. Weka ncha nyeusi ya multimita (kipima umeme) kwenye bati la gari, nyekundu kwenye waya, ipime volti za DC. Gari lisukumwe polepole mita 2 au 3. Waya wa kweli utarukaruka kati ya karibu 0 na volti 5 au 12. Ukibaki palepale, siyo wenyewe.

Ukishaupata, zima swichi, fungua kichwa hasi cha betri, kisha unganisha. Menya ganda la waya bila kuukata, zungushia waya wako, lehemu kwa risasi na ufunike vizuri. Viunganishi vya kubana kwa koleo hulegea kwa mtikisiko, na mapigo yakikatika sauti itakuwa inapanda na kushuka bila mpangilio.

Usiguse kamwe nyaya za vihisi vya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapofunga breki) kwenye magurudumu. Mawimbi yake ni dhaifu, na mzigo mdogo tu unaweza kuwasha taa ya ABS na kuuzima mfumo huo. Gari jipya lisilo na waya wa mapigo hutumia mtandao wa CAN, nyaya ambazo kompyuta za gari hupeana taarifa. Hapo nunua kibadilishi kinachosoma CAN na kutoa mapigo, kilichotengenezwa kwa modeli yako hasa.

Hatua ya 4: Acha akiba kabla ya kuwasha mfumo

Zima kwanza ufidiaji wa mwendo, yaani huu mfumo wa kujipandisha sauti. Rudisha besi, trebo na ikwalaiza (kirekebishi cha kila masafa ya sauti) kwenye sifuri. Chomoa spika kwenye amplifaya.

Cheza toni ya hezi 200 iliyorekodiwa kwa kiwango cha desibeli 0, ambacho ndicho cha juu kabisa kwenye rekodi ya dijitali. Nachagua 200 kwa sababu multimita nyingi za kawaida hazisomi volti za AC (umeme wa mkondo geu, siyo kiyoyozi) kwa usahihi zaidi ya hezi 400 hivi. Weka osiloskopu (chombo kinachoonyesha wimbi la umeme kwenye skrini) kwenye nyaya za RCA za redio, zinazopeleka muziki kwenye amplifaya, pandisha sauti pole pole. Wimbi lenye vichwa vya mviringo likianza kukatika vichwa na kuwa bapa, rudi namba moja. Tuseme ni 34 kati ya 40. Hicho ndicho kilele cha redio yako.

Soma volti za AC kwenye RCA hapo hapo. Tuseme ni volti 3. Kama ufidiaji wa juu kabisa unaongeza desibeli 6, unazidisha volti mara 2. Basi shusha sauti mpaka usome volti 1.5 na uandike namba iliyo kwenye skrini. Gari likiwa limesimama, usivuke namba hiyo. Ukivuka, kwenye mwendo mkali redio itataka kutoa volti isizokuwa nazo, na wimbi lililokatwa vichwa ndilo linalopeleka joto la ziada kwenye twita.

Sasa rudisha redio kwenye kilele na uiseti amplifaya. Zidisha vati zake kwa omu za spika, kisha tafuta kipeuo cha pili: vati 75 kwa omu 4 ni 300, kipeuo chake ni volti 17.3. Pandisha geini (kirekebishi cha ukuzaji kwenye amplifaya) mpaka multimita isome hapo kwenye matokeo ya spika, usizidishe. Zima amplifaya, rudisha spika.

Ikwalaiza ukiirudisha baadaye, pendelea kupunguza masafa kuliko kuongeza. Kila desibeli unayoongeza kwenye besi inakula akiba uliyoipima sasa hivi.

Hatua ya 5: Jaribu barabarani

Muwe wawili; dereva aendeshe tu. Funga madirisha, weka feni namba 2, cheza mazungumzo badala ya muziki kwa sababu sikio hugundua haraka neno lililopotea. Anza na kiwango cha chini cha mfumo. Pitia kilomita 30, 60, 80 na 100 kwa saa, kila moja kwa dakika 2 au 3, kwenye lami ileile.

Jaribio lenye ukweli zaidi ni la kushuka. Ukitoka barabara kuu na kuingia kwenye foleni, mkono ukikimbilia kupunguza sauti, kiwango ni kikubwa. Ukikimbilia kupandisha sauti ukiwa mwendo mkali, ni kidogo.

Mambo yanayoharibika

Sauti kupanda mapema mno au kuchelewa mno ni dalili kwamba hesabu ya mapigo kwenye menyu siyo ya gari lako. Spidomita ikianza kutetereka baada ya kuunganisha, redio inadhoofisha mapigo ya mwendo. Chomoa waya huo mara moja. Redio za Android zinazotumia GPS huchelewa kuhisi mwendo na hupotea ndani ya mahandaki, kwa hiyo ukiwa na uwezo wa kuunganisha waya, unganisha.

Besi ikionekana kutoweka kwenye mwendo mkali ingawa sauti imepanda, ni kwa sababu kelele za barabarani zimejaa zaidi kwenye masafa ya chini na zinaifunika. Kupandisha sauti nzima hakutaitibu. Ongeza sabufa (spika ya besi) pekee kwa desibeli 2 au 3, kama akiba inaruhusu.

Kwa mifumo ya maikrofoni, sauti inayopanda bila sababu huwa inatokana na upepo wa AC unaopuliza kwenye tundu la maikrofoni. Na ukibadilisha spika au amplifaya kwenye mfumo wa aina hii, hesabu zake za kutenganisha muziki na kelele zilifanywa kwa spika za awali. Inaweza kuuona muziki wenyewe kuwa kelele na kuendelea kujipandisha. Ikifanya hivyo, izime kwenye menyu na utumie ufidiaji wa mwendo.