Kupima daraja la sarafu ya fedha: uchakavu ni kitu kimoja, uharibifu ni kitu kingine

Anayenunua rupia na riale za kale Mji Mkongwe au Chake Chake ana maswali mawili ya kujibu, na asiyachanganye. La kwanza: sarafu imechakaa kiasi gani kwa kupita mikononi? La pili: imefanywa nini baada ya hapo? Daraja, yaani kiwango cha uchakavu, hujibu la kwanza tu. La pili ndilo linaloangusha bei, na visiwani kwetu lina majibu mengi: ndimu, ukwaju, majivu, tundu la mkufu, lehemu ya sonara, hewa ya chumvi.

Vifaa. Mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa (ya kupimia upana na unene), sumaku, taa ya meza yenye balbu moja, kitambaa laini cha kutandika mezani, na lenzi mbili: ya kukuza mara 5 na ya mara 10. Daraja lisome kwa ile ya mara 5. Ya mara 10 ni ya kutafutia ulaghai. Ukiitumia kupangia daraja, hata sarafu safi itaonekana imekwaruzwa na paka.

Hatua ya 1: Ijue sarafu yako. Ishike ubavuni kwa vidole viwili, usiguse uso. Riale ya Sham, yaani ya Maria Theresa, malkia wa zamani wa Austria, zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa karne ya 20, kwa hiyo mwaka hauthibitishi umri. Uzito wake ni gramu 28.07, fedha asilimia 83.3. Chini ya kifua cha malkia pana herufi S.F., bizimu ya begani ina lulu 9, na ubavuni pamezungushwa maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA. Rupia ya Kihindi ya Victoria, Edward VII na George V ni gramu 11.66, fedha asilimia 91.7. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyochukua nafasi ya rupia Zanzibar mwaka 1936, ni gramu 7.78, za 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, na kuanzia 1948 hazina fedha kabisa.

Hatua ya 2: Pima. Sumaku kwanza, ikinasa, rudisha sarafu kwa mwenyewe. Kisha mizani. Rupia iliyotumika sana hupungua sehemu ndogo ya gramu, lakini ikikosa gramu nzima, uchakavu peke yake si maelezo ya kutosha.

Uzito ukikubali, pima na maji. Weka kikombe cha plastiki chenye maji ya chupa juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba inayosomeka. Riale halisi husogeza maji kama gramu 2.75, na jibu huwa karibu na 10.2. Rupia husogeza 1.13, jibu 10.3. Shaba ya njano hutoa kama 8.5. Viputo vya hewa vikiganda kwenye sarafu, jibu hushuka kwa uongo, kwa hiyo tia tone la sabuni ndani ya maji. Kwa shilingi njia hii ni dhaifu, kwa sababu fedha robo hutoa 9.3 na ile isiyo na fedha 8.9, hapo uamini mwaka. Ukimaliza, suuza kwa maji ya chupa na ukaushe kwa kugandamiza kitambaa. Usisugue.

Kuigonga sarafu kwenye sakafu ili usikie mlio ni desturi mbaya: ukingo hupata pengo. Isawazishe juu ya ncha ya kidole na uiguse kwa kalamu ya risasi.

Hatua ya 3: Soma mng'ao. Zima taa kubwa, washa ya meza, inamisha sarafu na uizungushe polepole. Sarafu isiyoguswa ina mng'ao unaozunguka kama spoki za baiskeli. Hutokana na mistari midogo ambayo madini huacha yanapotawanyika chini ya pigo la muhuri, yaani chuma kinachochapa picha ya sarafu. Iliyosuguliwa hung'aa yote kwa pamoja, nyeupe kama sufuria mpya, na chini ya lenzi utaona mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja. Weusi sawasawa uliojijenga wenyewe si uchafu, uache.

Hatua ya 4: Angalia sehemu zilizoinuka. Kwenye rupia ya Victoria ni nywele juu ya sikio, shavu, na nakshi za nguo. Kwenye riale ni mtandio, bega, na manyoya ya kifua cha tai. Kwenye shilingi ni mwili wa simba.

Nakshi zikiwa zimeyeyukiana lakini mistari mikubwa ya nywele ipo, ni F (Fine, nzuri). Nakshi nyingi zikisomeka na shavu limelainika, ni VF (Very Fine, nzuri sana). Ulaini ukiwa kwenye ncha za juu tu, ni EF (Extremely Fine, nzuri mno). Pasipo na uchakavu wowote ni UNC (Uncirculated, haijatumika), hata kama ina alama za kugongana na nyenzake mfukoni. Kwenye kipimo cha madaraja cha namba 1 hadi 70, VF huanzia 20, EF 40, na UNC 60. Tahadhari: pigo dhaifu hufanana na uchakavu. Palipochakaa ni laini na pamefifia; palipopigwa vibaya bado pana mng'ao.

Hatua ya 5: Tafuta madhara. Hapa tumia lenzi ya mara 10, uanzie juu ya kichwa cha mfalme au malkia. Huko ndiko kipete cha mkufu huchomelewa. Hata kikisagwa, ukingo hubaki na bapa, na lehemu huwa na rangi tofauti. Tundu lililozibwa huonekana pande zote mbili mahali pamoja. Vishimo vidogo vyenye ukoko wa kijivu ni kazi ya chumvi, na havitibiki. Utelezi wa kijani umetokana na mfuko laini wa plastiki ya PVC. Huo huondoka kwa kuichovya kwenye asetoni safi, mbali na moto, si dawa ya kufutia rangi ya kucha yenye mafuta.

Hatua ya 6: Andika. Uzito, daraja, kisha dhara, kwa mpangilio huo: «Rupia, Victoria, 1890, gramu 11.57, VF, imesafishwa, alama ya kipete juu.» Itie kwenye kifuko cha polista (plastiki isiyo ya PVC) pamoja na silika jeli, yaani chembe za kunyonya unyevu, na wakati wa masika ibadilishe silika hiyo mapema. Mpira wa kufungia pesa usiukaribishe: una salfa, na salfa huacha mstari mweusi.