Umerudi Mwanza kutoka Uingereza? Dai kodi uliyokatwa zaidi

Kama ulikuwa umeajiriwa Uingereza, iwe uuguzi, kutunza wazee au kazi ya ghalani, na umerudi nyumbani kabla mwaka wao wa kodi haujaisha, kuna uwezekano mkubwa serikali ya kule imebaki na hela yako. Mimi ni muuguzi, nimerudi na ninaishi Bwiru, na wenzangu wanaorudi hunijia tujaze fomu pamoja. Inaniuma kila nikikuta mtu kaiacha hela hiyo kwa sababu tu hakuna aliyemwambia.

Tuanze na hesabu, maana ukiielewa hutababaishwa na mtu. Mwaka wa kodi wa Uingereza huanza tarehe 6 Aprili na kuisha tarehe 5 Aprili. Haufanani na wa TRA unaokwenda Januari hadi Desemba. Pauni 12,570 za kwanza za mwaka hazikatwi kodi, lakini mwajiri huzigawa kwa miezi kumi na miwili, kana kwamba utakuwepo mwaka mzima. Chukua mtu wa mshahara wa pauni 2,000 kwa mwezi, aliyelipwa Aprili hadi Septemba 2024 kisha akapanda ndege katikati ya Oktoba. Kapata pauni 12,000. Kila mwezi, takriban pauni 1,047 hazikuguswa, na zilizobaki zilikatwa asilimia 20. Katika miezi sita amekatwa kama pauni 1,143. Lakini mapato yake ya mwaka mzima hayakufika 12,570, kwa hiyo hakutakiwa kulipa kodi hata senti. Pauni hizo zote ni zake, na kwa shilingi ni zaidi ya milioni tatu. Aliyeondoka Aprili au Mei aangalie kwanza kanuni za ukazi, kwa sababu siku alizokaa kule ndani ya mwaka huo zinaweza kuwa chache mno kumfanya ahesabiwe mkazi.

Karatasi ya kuilinda kama pasipoti ni P45. Mwajiri hukupa ukiacha kazi, inaonyesha mshahara na kodi tangu Aprili, na nakala ya pili haitolewi. Usiondoke bila kuiulizia ofisi ya mishahara. Weka pamoja nayo slipu zako za mshahara na namba yako ya bima ya taifa (National Insurance), ile inayoanza na herufi mbili.

Fomu yenyewe inaitwa P85. Ni ya anayehama moja kwa moja, au anayekwenda kufanya kazi nje kwa mwaka mzima wa kodi au zaidi. Unaweza kuijaza mtandaoni kwa akaunti yako ya serikali ya kule, au kuichapa na kuituma kwa posta. Ukitaka njia ya mtandao, shughulikia simu kabla ya safari: namba ya siri ya kuingilia hutumwa kwenye laini, na laini ya Uingereza ikifa ukiwa Kirumba umefungiwa nje. Hamishia uthibitisho kwenye programu ya simu mapema.

Ukituma kwa posta, ambatisha sehemu ya 2 na ya 3 za P45, na kabla ya kufunga bahasha skani kila ukurasa. Fomu huenda HMRC, mamlaka yao ya kodi, kwa anwani inayoishia BX9 1AS. Msimbo huo hauna jengo nyuma yake, kwa hiyo kampuni za vifurushi haziwezi kuufikia. Nenda posta, tuma kwa rejista ya kawaida, na risiti uitunze.

Sasa anwani yako wewe. Huku kwetu mlimani, kati ya mawe, hakuna tarishi wa kugonga mlango, na kuandika tu Bwiru, Mwanza ni kuipoteza barua. Andika S.L.P. Kama huna sanduku, omba ruhusa ya kutumia la parokia, la shule au la kazini kwa ndugu, na umwambie anayefungua sanduku kwamba unasubiri barua kutoka Uingereza.

Kuhusu hela kuingia, ushauri wangu ni mmoja: usifunge akaunti yako ya benki ya Uingereza mpaka kodi irudi. Ikiingia huko, unaihamishia huku mwenyewe ukiwa umelinganisha viwango vya kubadilisha. Hundi ya pauni ikifika Mwanza ni usumbufu mtupu, hasa kama imeandikwa majina mawili na akaunti yako ya hapa ina matatu, la babu likiwemo. Kama akaunti umeshaifunga, fomu inakuruhusu kumtaja mtu mwingine apokee kwa niaba yako. Mtaje ndugu wa damu au rafiki ambaye ungemwachia mtoto.

Kimya kikizidi, piga simu. Wanafungua saa mbili asubuhi kwao, ambayo hapa ni saa nne wakati wa kiangazi chao na saa tano wakati wa baridi. Ujumbe wa simu au barua pepe unaokuambia una marejesho, bonyeza hapa, ni wa matapeli, ufute. Na mawakala wanaochukua asilimia ya hela yako wanajaza P85 hiyohiyo, ambayo ni bure.

Muda upo. Unapewa miaka minne tangu mwaka wa kodi ulipoisha, kwa hiyo yule wa Oktoba 2024 anaweza kudai hadi tarehe 5 Aprili 2029. Michango ya bima ya taifa hairudishwi, lakini namba yake usiitupe: ukifikisha miaka kumi ya michango una haki ya sehemu ya pensheni yao, hata ukiwa unaishi Igoma.