Nyumba ya Mirathi Lamu: Namna ya Kuamua Iuzwe au Ibaki

Warithi wa nyumba za mawe katika mji wa kale wa Lamu hufikiwa, mapema au baadaye, na swali moja zito: dalali ameleta mnunuzi, je, nyumba iuzwe au ibaki? Wako wanaojibu kwa machozi na wako wanaojibu kwa kikokotoo, na kwa kawaida wote wawili huwa wameangalia nusu tu ya jambo.

Kabla ya lolote, subirini. Ikiwa marehemu ameacha mjane, asitakiwe kutoa neno kuhusu nyumba akiwa katika eda ya miezi 4 na siku 10, kwa kuwa nyumba hiyo ndiyo anayokalia eda, na mtu aliye ndani ya msiba anaweza kukubali au kukataa jambo ambalo baadaye hatalitambua kuwa ni lake. Mtume (S.A.W.) amemkataza kadhi kuhukumu baina ya watu wawili akiwa ameghadhibika, na wanazuoni wameiongezea ghadhabu hali nyingine zinazoishughulisha akili, kama njaa kali na huzuni; ndugu wanaogawana mali wanaihitaji tahadhari hiyo hiyo. Dalali anayesisitiza kwamba mnunuzi anaondoka kesho anajua vyema anachokifanya.

Muda ukishapita, kila mrithi aandike peke yake sababu zake za kuuza au kukataa, na mbele ya kila sababu aandike hisia inayoisukuma. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na haifai kufanywa kwa pupa. Kaka mkubwa ataandika kwamba nyumba ya babu haiuzwi, lakini akijiuliza kwa ukweli atakuta anachokiogopa ni maneno ya barazani. Dada aliyeolewa Mombasa ataandika kwamba boriti zimeliwa na mchwa, kumbe kinachomuuma ni kwamba tangu baba afariki hakuna aliyemweleza kodi ya vyumba vya chini inakwenda wapi. Uchungu wake ni wa haki, ila hauihusu nyumba, na hata nyumba ikiuzwa leo utabaki palepale. Dawa yake ni kufungua daftari la kodi. Mapenzi ya mama kwa ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, alioukuta siku ya harusi yake ni kitu kingine, kwa sababu yanaihusu nyumba yenyewe, na hayo lazima yahesabiwe.

Tahadharini pia na bei mnayoitaja wenyewe. Mwaka 1990 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi walipewa vikombe vya kawaida, na waliopewa wakadai, ili waviuze, kiasi cha mara mbili au zaidi ya walichokuwa tayari kutoa wale wasiovipata. Ikiwa kikombe cha dakika chache kinafanya hivyo, nyumba ya vizazi vitatu itafanya zaidi. Basi geuzeni swali: lau mngekuwa na fedha hizo mkononi, na nyumba hii, pamoja na boriti zake zilizooza, ingekuwa ya mtu mwingine, mngeinunua?

Hesabu nayo iandikwe wazi. Tuseme baba ameacha mjane, wana wawili na binti mmoja, madeni na wasia vimeshatolewa, na bei ni shilingi 8,000,000. Kwa mirathi ya Kiislamu mama hupata thumuni (moja ya nane), yaani 1,000,000, kila mwana 2,800,000, binti 1,400,000. Linganisheni mafungu hayo na kodi ya mwaka mzima, na gharama ya ukarabati, mkikumbuka kwamba mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001 na nyumba zake hazibomolewi wala kujengwa kiholela. Mnunuzi akiwa si raia wa Kenya, Ibara ya 65 ya Katiba ya Kenya haimruhusu kumiliki ardhi isipokuwa kwa ukodishaji usiozidi miaka 99, kwa hiyo wakili aangalie hati kabla bei haijazungumzwa.

Hesabu peke yake, hata hivyo, haifikishi. Daktari wa neva Antonio Damasio ameeleza kuhusu mgonjwa aliyeumia sehemu ya mbele ya ubongo, ambaye akili yake ya kupima mambo ilikuwa nzima lakini hisia zake zimefifia: alipoulizwa achague siku moja kati ya mbili za kurudi kliniki, alipanga sababu za kila siku kwa karibu nusu saa, asiweze kuchagua. Kwa hiyo, pale ambapo hesabu za kuuza na kubakisha zinakaribiana, msione haya kuyafuata mapenzi ya mama.

Istikhara, sala ya kumwomba Mungu uongozi katika uamuzi, ina mahali pake, baada ya kushauriana na watu wa kuaminika. Ni rakaa mbili na dua, na si sharti kuota ndoto. Anayeisali bila kufungua daftari la kodi ameacha sehemu yake ya kazi.

Uamuzi ukipatikana, uandikwe na kutiwa saini na warithi wote. Ikiwa nyumba inabaki, karatasi iseme ni nani atakayelipia boriti mpya, kwa fungu gani, kabla ya mwezi upi, na kodi itakusanywa na nani.