Somo: Kunasa kipindi cha redio ya mtandaoni na kukichoma CD ya gari

Redio nyingi za magari ya mtumba kutoka Japani hukomea FM 90, na stesheni nyingi za Mombasa ziko juu ya hapo. Kicheza CD kilichomo, lakini, mara nyingi ni kizima. Anayetaka mawaidha au taarabu kwenye foleni ya feri Likoni anaweza kunasa kipindi kutoka intaneti akakichoma. Tutatumia VLC (ya kuchezea sauti), ffmpeg (ya kunasa na kugeuza faili kwa amri za kuandika) na Audacity (ya kukata sauti), zote za bure.

Shika hili kabla ya yote: kipindi kinaswe kama kinavyotoka, kigeuzwe mara moja tu, mwishoni. Kila MP3 inapogeuzwa kuwa MP3 nyingine, ubora wa sauti hupungua. Kasida ndizo huumia mwanzo. Mlio wa matari hugeuka mchakacho wa mchanga.

Hatua ya 1: anwani. Fungua stesheni kwenye VLC, bonyeza Ctrl+J. Utaona anwani ya mkondo (sauti inayotiririka kutoka intaneti), aina yake (MP3 au AAC) na namba ya Hz, yaani sampuli za sauti kwa sekunde. Ziandike. Ukipewa faili ya .m3u au .pls, ifungue kwa Notepad, anwani imo ndani.

Hatua ya 2: nasa. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike hivi, penye ANWANI ukiweka ile uliyoiandika:

ffmpeg -i ANWANI -c copy -t 3600 kipindi.mp3

Hiyo 3600 ni sekunde, yaani saa nzima. Mkondo wa 128 kbps hula kama MB 58 za bando kwa saa. Ukiwa wa AAC, faili iite kipindi.aac, usiiite .m4a. Faili ya m4a huandikiwa faharasa yake mwishoni, kwa hivyo stima ikipotea katikati haifunguki tena. Ya .aac hubaki na yote yaliyonaswa mpaka hapo.

Hatua ya 3: geuza, kwa amri nyingine:

ffmpeg -i kipindi.mp3 -ar 44100 -ac 2 -c:a pcm_s16le kipindi.wav

CD ya sauti hukubali 44,100 Hz, biti 16, stereo, basi. Dakika moja ni MB 10 na ushei. Faili itavimba, ila ubora hauongezeki.

Hatua ya 4: kata. Hapa ndipo wengi huharibu. CD hugawa sekunde moja vipande 75, kila kipande sampuli 588. Ukikata katikati ya kipande, programu ya kuchoma hujazia kimya palipobaki, nawe utasikia "tak" wimbo mmoja unapoungana na wa pili. Kwenye Audacity chagua kipimo cha fremu za CD (75 fps), washa Snap (alama zikae juu ya mipaka ya fremu), weka alama kwa Ctrl+B kila wimbo unapoanza, kisha toa kila wimbo uwe faili yake ya WAV.

Hatua ya 5: choma. Kwenye programu yako ya kuchoma chagua Audio CD, si Data. Tumia CD-R (ya kuchomwa mara moja tu) ya dakika 80, mwendo wa 8x au 16x, namna ya disc-at-once (CD nzima kwa mkupuo mmoja) na pengo la sekunde 0 kati ya nyimbo. Jina liandike kwa kalamu ya CD. Stika ya karatasi hubanduka kwa joto la gari na CD ikakwama mdomoni mwa redio.

Hii ni ya kusikiliza mwenyewe. Ukitaka kuuza au kugawa, omba ruhusa kwa wenye kazi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asalamu aleikum mwalimu. CD yangu yacheza kwenye kompyuta, redio ya gari yaitema.
Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu. Ifungue kwenye Windows. Ukiona faili za .wav au .mp3, ulichoma Data. Ukiona Track01.cda, ni Audio CD kweli, basi angalia kama diski ni CD-RW (ya kufutwa na kuchomwa upya). Hizo hurudisha mwanga kidogo kuliko CD-R, na redio nyingi za zamani hazizisomi.

Swali: Nilitega kompyuta inase saa mbili usiku, nikakuta kipindi sicho.
Jibu: Dada, saa mbili usiku ni 20:00. Ukiandika 2:00 umenasa saa nane za usiku. Na ikiwa stesheni ni ya Uingereza, sisi tuko mbele saa 3 wakati wa baridi yao, saa 2 wakati wa kiangazi.

Swali: Sauti ya ustadhi imekuwa nzito, azungumza polepole.
Jibu: Mkondo ulikuwa wa 48,000 Hz ukasomwa kama 44,100. Kasi hupungua kama asilimia 8. Usijaribu kuikimbiza kwenye Audacity. Rudia hatua ya 3 kwa faili ya mwanzo. Kwa hiyo faili ya hatua ya 2 haifutwi mpaka CD isikilizwe yote, garini.