Mapera kwenye begi la shule

Mzazi mwenye kijana wa sekondari, jaribu hili: badala ya hela ya krispi, mwekee mapera mawili na ndizi mbivu. Pera lioshwe, liliwe na ganda na mbegu zake. Gramu 100 zina takribani gramu 5 za nyuzinyuzi. Bakteria wazuri wa utumbo mpana huzifanya chakula chao, choo kinalainika, na lehemu (kolesteroli, aina ya mafuta) kwenye damu husaidiwa kushuka. Ndizi ina potasiamu, inayosaidia figo kutoa chumvi iliyozidi, ile inayopandisha presha. Juisi ya boksi mimi siihesabu kabisa, nyuzinyuzi nyingi zimebaki kwenye chujio. Wangu alianza kwa kununa, siku hizi asubuhi ananiuliza, "Mama, mapera yangu yako wapi?"